Ulegevu wa Motakaa Kuukuu

Watu wengi hupanda motakaa, lakini ni wachache wajuao jinsi nguvu ya injini isafirivyo hata ikafika katika magurudumu. Injini iko mbele, na magurudumu yasukumayo gari katika motakaa nyingi za zamani yako nyuma. Kati yake pana safari ndefu, na katika safari hiyo nguvu hupokezanwa kama ndoo za maji zipokezanwavyo na watu waliojipanga mstari toka mtoni hata kwenye nyumba iwakayo moto. Kila mtu akichelewa kidogo kunyosha mkono, ndoo ya mwisho hufika kwa kishindo na maji humwagika.

Mpokezi wa kwanza ni klachi, ambayo huunganisha injini na sanduku la gia, na huvitenga dereva akikanyaga. Wa pili ni sanduku la gia lenyewe, lenye magurudumu ya meno, makubwa na madogo, yabadiliyo mwendo. Wa tatu ni mhimili mrefu wa chuma upitao chini ya sakafu ya gari kwenda nyuma. Mafundi huuita propela. Wa nne ni difu, lile bonge la chuma lionekanalo kati ya magurudumu ya nyuma. Kazi ya difu ni kuugeuza mzunguko wa propela uelekee kushoto na kulia, na tena kuliruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani gari likatapo kona. Wa tano ni ekseli mbili, moja ya kila upande, zitokazo katika difu kwenda magurudumuni.

Po pote wakutanapo wapokezi wawili, meno ya chuma huingia kati ya meno mengine. Mtu asiyejua angedhani ya kuwa meno hayo yafaa kubanana sana, pasiwe na nafasi hata ya unywele. Sivyo. Chuma kikipata joto huvimba, tena kila jino lahitaji mafuta kidogo ya kulitenga na mwenziwe. Meno yakibanana mno, mafuta hayapiti, joto huzidi, na chuma hulika. Kwa sababu hiyo waundaji huacha nafasi ndogo makusudi. Katika difu ya motakaa itakayotajwa hapa, nafasi hiyo ni kiasi cha robo ya milimita. Basi ulegevu kidogo si ugonjwa, bali ni sharti la afya ya chuma.

Lakini miaka ikipita, kila mahali huchakaa kidogo. Nafasi ya hapa huongezeka juu ya nafasi ya pale, na zote hujumlishwa. Dereva akiondoa mguu katika mafuta, magurudumu huanza kuisukuma injini badala ya kusukumwa nayo, na vyuma vyote huvuka nafasi zake mara moja na kugonga upande wa pili. Akikanyaga tena, hurudi na kugonga upande wa kwanza. Huo ndio mlio usikikao chini ya motakaa kuukuu: ngo! kisha kimya, kisha ngo! tena.

Motakaa zijulikanazo sana kwa mlio huo ni Land Rover za zamani. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam, nchi ya Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948, nayo iliundwa Solihull, Uingereza. Aina zile zenye springi za mabamba ziliendelea kuundwa mpaka mwaka 1985. Zilienea katika Afrika ya Mashariki, mashambani, mbugani na milimani, na baadhi yake zafanya kazi hata leo. Zina uimara mwingi, lakini kati ya injini na gurudumu zina viungo vingi, na kila kiungo kina nafasi yake.

Motakaa moja ya namna hiyo, ile fupi, iliyoundwa mwaka 1976, ilikuwa mali ya mama mmoja mjane katika milima ya Usambara. Marehemu mumewe alimwachia, na mwanawe mkubwa ndiye aliyeiendesha. Iliteremsha kabeji, karoti na viazi toka vijijini hata Lushoto, na siku nyingine ilipita Soni ikashuka mpaka Mombo, tambarareni, safari ya kilometa zaidi ya 30 yenye kona nyingi, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande huu. Na usiku, mgonjwa akizidiwa, ndiyo iliyompeleka hospitali. Kwa hiyo haikuwa mali ya mama yule peke yake. Majirani wote waliitegemea.

Mlio ulipozidi, kijana aliipeleka kwa mtu mmoja mwenye kutengeneza magari. Mtu yule aliisikiliza ikipita mara mbili mbele ya karakana yake, akasema, “Difu imekwisha. Tafuteni nyingine nzima.” Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na bei ya ng'ombe wawili, na mama yule ng'ombe wake walikuwa watatu. Alikesha akifikiri. Asubuhi akamwambia mwanawe, “Kabla sijauza, nenda kwa mzee wa karakana ya bondeni. Asemalo yeye, nitalikubali.”

Mzee huyo alikuwa fundi wa miaka mingi, naye alikuwa na mwanagenzi mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwake. Kijana alifika, akasalimu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Motakaa ya mama yasemaje?”

“Yagonga, mzee. Nikiondoa mguu yagonga, nikikanyaga yagonga. Nimeambiwa difu imekwisha.”

“Aliyekuambia aliifungua?”

“Hakuifungua.”

“Aliipima?”

“Hakuipima, mzee. Aliisikiliza tu.”

Fundi alitikisa kichwa. “Vyuma hivi vimeshikana toka mbele hata nyuma. Ukigonga bomba la maji upande mmoja wa nyumba, aliye upande wa pili husikia kana kwamba limegongwa sikioni pake. Mlio watuambia ya kuwa pana ulegevu. Mahali pake hautuambii. Hapo yatupasa tupime.”

Kabla ya kupima, fundi alitaka kuwaondoa wale wasio na hatia. Maana yako mambo yafananayo na ulegevu wa meno, nayo siyo. Mpira ushikao injini ukichanika, injini huinuka na kutua kwa kishindo kila nguvu ibadilikapo. Boliti zifungazo springi zikilegea, chuma chote kibebacho difu hujipinda mbele na nyuma, nacho hugonga. Mwanagenzi alitazama mipira ya injini, akaiona mizima. Akajaribu nati za springi kwa spana moja baada ya moja, akaikuta moja ya upande wa kushoto imelegea. Akaikaza. Wakaiendesha motakaa, mlio ukapungua kidogo, lakini haukuisha.

“Sasa tupime,” akasema fundi.

Aliiweka motakaa mahali pa sawa, akazima injini, akatia ufunguo mfukoni mwake. Akaagiza kabari za mti ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Mwanagenzi akashangaa, akasema, “Fundi, breki ya mkono imevutwa. Kabari za nini?”

“Tunaliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki,” fundi akamjibu. “Likiisha kuwa hewani, difu huliruhusu lizunguke huku, na mwenziwe aliye chini huwa huru kubingirika kule. Breki ya mkono ya gari hili haitaweza kulizuia. Wako watu waliolaliwa na gari kwa sababu hawakulijua jambo hilo. Weka kabari, sababu yake nyingine utaiona baadaye.”

Kabari zikawekwa, gurudumu la nyuma la kulia likainuliwa, na gogo nene likawekwa chini ya chuma kuisaidia jeki. Fundi akachomeka kijiti ardhini karibu na tairi kiwe alama. Gia ikaachwa huru, breki ya mkono ikabaki imevutwa. Akalishika tairi kwa mikono miwili, akalizungusha polepole mbele hata likagoma, akapiga mstari wa chaki mbele ya kijiti. Akalizungusha nyuma hata likagoma tena, akapiga mstari wa pili. Mwanagenzi akaweka rula kati ya mistari: sentimeta 4 na nusu.

Kisha fundi akaiachia breki ya mkono, akaingiza gia ya kwanza, akafanya vile vile. Safari hii tairi lilicheza zaidi. Rula ikasema sentimeta 6.

“Toa ile ya kwanza katika hii,” akasema fundi.

“Yabaki moja na nusu.”

“Ni ya nani?”

Mwanagenzi akanyamaza. Fundi akachukua kijiti, akachora mchangani injini, sanduku la gia, propela, difu na gurudumu. Akamweleza ya kuwa katika motakaa nyingi breki ya mkono huyashika magurudumu yenyewe, lakini katika Land Rover hizi hushika duara la chuma lililo nyuma ya sanduku la gia, pale propela ianzapo. Breki ikivutwa, mwanzo wa propela hufungwa. Klachi na sanduku la gia zilizo mbele yake haziwezi kutoa ushahidi. Ushahidi usikikao ni wa walio nyuma tu. Breki ikiachiwa na gia ikiingizwa, wote husema pamoja. Basi tofauti ya vipimo viwili ni sehemu ya walio mbele.

“Ndiyo kusema,” akasema mwanagenzi, “sentimeta moja na nusu ni ya klachi na sanduku la gia, na nne na nusu ni ya propela, difu na ekseli.”

“Umefahamu. Na ile moja na nusu haitishi. Klachi yenyewe ina springi ndogo ndani, iliyowekewa makusudi icheze kidogo. Sasa tugawanye tena.”

Breki ikavutwa mara ya pili, gia ikaachwa huru. Mwanagenzi akalala chini ya motakaa, macho yake mahali propela iingiapo katika difu, na fundi akalizungusha tairi taratibu. “Propela ikitikisika tu, piga kelele,” akamwambia. Tairi lilikwenda sentimeta 3 kabla ya mwanagenzi kupiga kelele. Kwa hiyo tatu zilikuwa za difu na ekseli, na moja na nusu iliyosalia ilikuwa ya propela. Kisha fundi akabandua kikombe kidogo kilicho katikati ya gurudumu ili ncha ya ekseli ionekane. Akalizungusha tairi tena, na wote watatu wakaona ya kuwa gurudumu lilitembea zaidi ya sentimeta 1 kabla ya ncha ile kuanza kuzunguka. Meno ya bamba liunganishalo ekseli na gurudumu yalikuwa yamelika. Rula ikatoa sentimeta 1 na milimita 2. Gurudumu la kushoto lilipotazamwa hivyo hivyo, bamba lake lilikuwa zima.

Fundi akaandika hesabu ubavuni mwa mlango kwa chaki. Klachi na sanduku la gia, milimita 15. Propela, milimita 15. Bamba la gurudumu, milimita 12. Ndani ya difu, milimita 18. Jumla, milimita 60.

Kijana mwenye motakaa akaisoma, moyo wake ukazama. “Basi aliyesema difu hakukosea,” akasema. “Difu ndiyo yenye sehemu kubwa kuliko wote.”

“Kubwa, naam,” akasema fundi. “Lakini umeuliza ukubwa, hujauliza hatari. Hayo ni maswali mawili.”

Akaifungua nati ya chini ya difu, akakinga mafuta katika karai safi. Mafuta yalitoka meusi. Akapitisha sumaku ndani yake, na sumaku ikatoka na unga mwembamba kama masizi, lakini haikutoka na kipande hata kimoja. Akaupaka unga ule juu ya kidole, akamwonyesha kijana. “Meno yachakaayo sawasawa hutoa unga. Meno yanayovunjika hutoa vipande, na difu iharibikayo huvuma barabarani kama nyuki. Hii haivumi, wala haina vipande. Imezeeka, lakini yafanya kazi yake kwa uaminifu. Tuitie mafuta mapya, tuiache.”

Ndipo akaingia chini ya motakaa yeye mwenyewe, akaishika propela.

Propela haiwezi kuwa mhimili mmoja mgumu, kwa sababu difu hupanda na kushuka pamoja na springi, na sanduku la gia hukaa mahali pake. Kwa hiyo mbele na nyuma ya propela pana kiungo kiwezacho kujikunja kikiwa katika kuzunguka. Kiungo hicho ni cha kale. Robert Hooke, mtaalamu wa Uingereza, alikieleza katika karne ya 17. Ni msalaba mdogo wa chuma wenye mikono minne. Mikono miwili hushikwa na panda ya upande huu, na miwili na panda ya upande wa pili. Kila mkono umevikwa kikombe, na ndani ya kikombe mna vyuma vyembamba vilivyojipanga kama sindano ili mkono uzunguke kwa wepesi. Sindano hizo huishi kwa grisi. Grisi ikikosekana, huingia maji na kutu, na kutu huzisaga.

Fundi aliishika panda moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa mkono wa kushoto, akazipinda huku na huku. Kiungo cha mbele kilikuwa kigumu. Kiungo cha nyuma kilicheza waziwazi, na kandokando ya vikombe vyake palikuwa na vumbi jekundu kama la tofali. Tundu dogo la kupigia grisi lilikuwa limezibwa na udongo mkavu. Ilionekana ya kuwa grisi haikuwa imepita pale kwa siku nyingi. Wakazitia alama propela na panda zake, ili zirudishwe kama zilivyokuwa. Maana panda za mbele na za nyuma zisipolingana, propela hutetemeka. Kisha wakaifungua.

Kikombe cha kwanza kilipotoka, sindano zake zilikuwa zimechora mifereji katika mkono wa msalaba. Cha pili kilikuwa hivyo hivyo. Cha tatu kilipotoka, hazikuwamo sindano. Mlikuwa na unga mwekundu tu, na mkono wa msalaba ulikuwa umelika hata kubaki mwembamba kama kidole cha mtoto.

Fundi akauweka msalaba ule katika kiganja cha kijana. “Mwanangu,” akasema, “ukisimama mlimani, ukavuta breki ya mkono, breki yako yashika nini?”

“Yashika magurudumu.”

“Angalia picha ya mchangani.”

Kijana akaitazama ile picha iliyochorwa kwa kijiti. Breki ilishika mwanzo wa propela. Propela ilishika difu, difu ilishika ekseli, ekseli zilishika magurudumu. Na katikati ya mnyororo huo mlikuwa na msalaba ule aliokuwa nao mkononi. Siku ungalikatika, dereva angalikuwa ameivuta breki mpaka mwisho, na motakaa ingalikuwa huru kabisa kuteremka.

Kijana hakusema neno. Siku ya soko alikuwa na desturi ya kusimama Soni, barabarani, mahali pa mteremko, akavuta breki ya mkono na kwenda kutafuta chai. Nyuma ya motakaa waliketi wanawake na watoto wao juu ya magunia, wakimngoja. Hakuwahi kuweka jiwe chini ya gurudumu hata siku moja.

“Breki ya mguu ingalikuwapo,” akasema mwanagenzi kwa sauti ndogo.

“Ingalikuwapo,” fundi akajibu, “kwa kuwa yenyewe hushika magurudumu. Lakini mguu wa kuikanyaga ungalikuwa dukani ukinywa chai.”

Kazi ya siku ile ilikuwa ya kununua na kufunga. Misalaba miwili mipya ilinunuliwa, wa nyuma na wa mbele pia, kwa sababu wa mbele ulikuwa wa umri ule ule. Likanunuliwa na bamba moja la gurudumu. Difu ikatiwa mafuta mapya. Sanduku la gia likaachwa lilivyo. Gharama yote haikufika bei ya mbuzi wawili.

Jioni fundi aliliinua gurudumu lile lile, akachomeka kijiti chake, akapima kama alivyopima asubuhi. Milimita 60 zilikuwa zimekuwa 35. Wakaiendesha motakaa mpaka daraja la mto na kurudi. Mlio ulikuwapo bado, lakini kwa mbali, kama mlango ufungwao na mtu mwenye adabu.

Kijana alitaka usikike si hata kidogo. Fundi akamwambia, “Kuuondoa wote yakupasa kununua difu na sanduku la gia, na ukiisha kununua, bado utabaki ule mdogo walioupenda waundaji wenyewe. Huu uliobaki utaushinda kwa mguu wako. Usiiachie klachi ghafula. Ukiondoa mguu katika mafuta, uondoe kama mtu ashushaye mtungi kichwani. Vyuma vikutane kwanza, ndipo uvidai nguvu.”

Akampa na mambo mengine matatu ya kufuata. La kwanza, kila mwezi viungo vya propela vitiwe grisi, na kila mara motakaa ivukapo maji mengi vitiwe tena, mpaka grisi mpya ionekane ikitoka kandokando ya vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa grisi kimeziba. La pili, hesabu ile ya chaki iandikwe katika daftari pamoja na tarehe yake, na mwaka ukipita ipimwe tena. Milimita 35 zenyewe si nzuri wala si mbaya. Lakini zikiwa 40, na tena 50, motakaa itakuwa imetoa habari kabla ya kuvunjika. La tatu, kabari mbili za mti zisitoke katika motakaa hata siku moja, na isisimame penye mteremko bila kuwekewa.

Mwanagenzi alizichonga kabari zile yeye mwenyewe kwa mti mgumu, akazitoboa na kuzifunga kamba ili zisipotee. Katika kuchonga alimwuliza fundi, “Kama tungalinunua difu kama walivyoambiwa, ingalikuwaje?”

“Mlio ungalipungua sana,” akasema fundi, “kwa kuwa difu ndiyo yenye sehemu kubwa. Mama angaliuza ng'ombe, na wote wangalifurahi wakasema, ‘Motakaa imepona.’ Na msalaba ungalibaki mle mle.”

Wazee husema, mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini mwiba hauna budi kutafutwa kwanza, na katika mguu uumao kote si rahisi kuuona. Fundi yule hakuwa na chombo cha thamani. Alikuwa na chaki, rula, kijiti na jeki, tena alikuwa na subira ya kuwauliza wapokezi wote mmoja mmoja, akimfunga huyu ili mwenziwe apate kusema. Aliyekuwa na sehemu kubwa hakumhukumu kwa ukubwa wake, wala mwenye sehemu ndogo hakumwachilia kwa udogo wake.

Mama yule alipoletewa habari, aliuomba ule msalaba wa zamani auone. Akaugeuzageuza mkononi kwa muda mrefu, akautazama ule mkono mwembamba. Kisha akautundika kwa uzi ndani ya motakaa, mbele ya dereva, mahali ambapo mwanawe asingeweza kuvuta breki ya mkono bila kuuona.